Utani Hewani: Kuinuka na Kuanguka kwa Kipindi cha Dr. Demento

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi simulizi una mazoea ya kuuweka wimbo wa kuchekesha pembezoni. Mbolezi, bembezi, wimbo wa jando na wimbo wa kazi hupewa sura zake katika vitabu vya nadharia, ilhali wimbo unaotungwa ili watu wacheke aghalabu hutajwa kwa sentensi moja na kuachwa hapo. Hali si tofauti katika biashara ya muziki ya nchi za Magharibi. Nchini Marekani santuri za mzaha zilipewa jina linaloziweka katika kundi moja na vitu vya kuchezea: kitu kinachonunuliwa kwa sababu ya upya wake na kutupwa upya huo unapochuja. Jina hilo ni hukumu ya kihakiki iliyotolewa kabla ya wimbo kusikilizwa.

Kwa muda wa miaka 40, tangu 1970 hadi 2010, hukumu hiyo ilikatiwa rufaa kila wiki katika kipindi kimoja cha redio, The Dr. Demento Show, kilichoandaliwa na kutangazwa na Barret Hansen. Kilianza katika kituo kimoja cha California, kikasambaa katika vituo vya nchi nzima, kisha kikapungukiwa na vituo hadi kikaondoka kabisa katika masafa ya kawaida. Makala haya yananuia kuchunguza kuinuka na kuanguka kwa kipindi hicho kama suala la fasihi, yaani suala la fanani, matini na hadhira, wala si kama habari ya biashara ya matangazo tu.

Hoja inayotetewa ni hii: kipindi hicho kilistawi kwa kuwa kiliunda uhusiano wa utani baina ya wanamuziki wakubwa, watunzi wadogo na wasikilizaji, na kilidhoofika kwa kuwa masharti ya uhusiano huo yaliondolewa moja baada ya jingine. Kicheko chenyewe hakikukoma. Kilichotoweka ni baraza ambamo kicheko hicho kilikuwa na wenyeji, wageni na mipaka.

Utani kama Kipimo cha Uhakiki

A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake mashuhuri ya 1940, alieleza utani kuwa ni uhusiano baina ya pande mbili ambamo upande mmoja unaruhusiwa na mila, na wakati mwingine hulazimika, kuukejeli mwingine, nao upande unaokejeliwa hauna haki ya kukasirika. Maelezo hayo hayamshangazi msomaji wa Afrika Mashariki. Mtani huja matangani akafanya mzaha juu ya maiti na wafiwa wakamvumilia, bali mtu baki akithubutu kufanya vivyo hivyo atafukuzwa. Maneno ni yale yale. Kinachobadilika ni uhusiano unaoyabeba.

Katika maelezo hayo mna mambo matatu yanayofaa kuzingatiwa. La kwanza ni ruhusa: utani hauko huru kabisa, bali umepewa leseni na jamii. La pili ni ujuzi wa pamoja: mtani anajua mambo ya mtani wake, na wasikilizaji wanajua kwamba anajua. La tatu ni mipaka: kuna anayetaniwa na asiyetaniwa, na kuna wakati na mahali pake.

Mambo hayo yanaufaa sana uchambuzi wa mwigo wa mzaha, yaani utungo unaochukua umbo la utungo mwingine na kulijaza maudhui ya kuchekesha. Linda Hutcheon, katika kitabu chake cha 1985 kuhusu nadharia ya mwigo huo, anasisitiza kwamba mwigo si lazima uwe dharau. Ni kurudia kunakoweka umbali wa kihakiki, na umbali huo waweza kujaa heshima. Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili wanaifahamu hali hii kwa njia nyingine. Katika mashairi ya kujibizana ya Mombasa ya zama za Muyaka, aghalabu aliyejibu alilifuata umbo la shairi alilolijibu. Kufuata umbo la mpinzani kulikuwa ni kukiri kwamba umbo hilo lina nguvu, na papo hapo kuonyesha kwamba wewe pia unalimudu. Hadhira isiyolijua shairi la kwanza haikuweza kuonja utamu wa la pili.

Henri Bergson aliongeza sharti jingine katika kitabu chake juu ya kicheko, kilichotoka mwaka wa 1900. Kwake, kicheko daima ni cha kundi, nacho huhitaji mwangwi. Anayecheka hucheka pamoja na wengine, hata kama wengine hao hawaonekani. Redio ni chombo kinachoweza kutoa mwangwi wa aina hiyo kwa watu wasioonana, na hapo ndipo umuhimu wa kipindi hiki unapoanzia.

Chimbuko: Mtaalamu wa Muziki wa Jadi Chumbani mwa Matangazo

Hansen, aliyezaliwa mwaka wa 1941, hakuwa mchekeshaji wa jukwaani. Alisoma katika Chuo cha Reed kisha akapata shahada ya uzamili katika utafiti wa muziki wa jadi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Alikuwa mkusanyaji wa santuri za zamani na mjuzi wa historia ya muziki wa Wamarekani weusi wa katikati ya karne ya 20. Mwaka wa 1970 alianza kutangaza katika KPPC-FM ya Pasadena, kituo ambacho wakati huo kiliwaachia watangazaji uhuru mkubwa wa kuchagua nyimbo. Nia yake ya awali ilikuwa kupiga santuri adimu za roki za miaka ya nyuma. Ni wasikilizaji waliomgeuza njia, kwani kila alipochomeka wimbo wa mzaha, simu ziliongezeka.

Jina la kipindi lilitokana na santuri ya namna hiyo. Hansen alipiga "Transfusion", wimbo wa 1956 wa Nervous Norvus kuhusu dereva mzembe anayepata ajali baada ya ajali na kuongezwa damu kila mara, na mwenzake mmoja kituoni akasema kwamba anayepiga kitu kama hicho lazima awe na kasoro ya akili. Tusi likageuzwa lakabu, na lakabu ikageuzwa cheo cha kitaaluma. Kitendo hicho kinafanana na majigambo yaliyopinduliwa. Mtu huanza kwa kujitania mwenyewe, na kwa hiyo hujipatia haki ya kuwatania wengine.

Baada ya muda mfupi kipindi kilihamia KMET, kituo kikubwa cha roki cha Los Angeles, na kuanzia 1974 toleo lake la kila wiki likasambazwa kwa vituo vya sehemu nyingi za Marekani. Kilichowafikia wasikilizaji hakikuwa mkusanyiko wa vichekesho vya siku ile tu. Hansen alizipanga santuri zake kama mwalimu anavyopanga somo. Kazi za bendi ya Spike Jones, aliyemkejeli Hitler katika "Der Fuehrer's Face" mwaka wa 1942, ziliwekwa karibu na zile za Stan Freberg wa miaka ya 1950. Hizo nazo karibu na kanda iliyorekodiwa na kijana asiyejulikana wiki iliyotangulia. Kabla ya wimbo, mtangazaji alitaja mtunzi, mwaka na asili yake. Kwa njia hiyo aina ya utungo iliyokuwa haina historia ikapewa historia. Mwaka wa 1985 kampuni ya Rhino ilitoa mkusanyiko wa santuri za mzaha uliobeba jina la Dr. Demento. Haukuwa wa kwanza kubeba jina hilo, kwani Warner Bros. ilikuwa imetoa mwingine mwaka wa 1975, lakini ulithibitisha kwamba hazina ya kazi za kuigwa na kurejelewa ilikuwa imeshaundwa hewani.

Mifano miwili inadhihirisha nguvu ya kazi hiyo. Tom Lehrer, mwanahisabati wa Harvard, alitoa santuri yake ya kwanza kwa gharama zake mwenyewe mwaka wa 1953, na vituo vya redio vya wakati huo viliepuka kejeli zake kali. Kipindi hiki kilimpa hadhira ya vijana ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa santuri hiyo ilipotoka. Mfano wa pili ni "Shaving Cream" wa Benny Bell, ulioimbwa kwanza mwaka wa 1946. Ulipigwa tena na tena katika kipindi, ukatolewa upya mwaka wa 1975, na ukaingia miongoni mwa nyimbo 40 zilizovuma zaidi Marekani, karibu miaka 30 baada ya kurekodiwa.

Mbinu ya wimbo huo wa pili yafaa kuangaliwa kwa karibu. Kila ubeti unaandaa kina kinachomwelekeza msikilizaji kwenye neno la matusi. Neno hilo linapokaribia kutamkwa, mwimbaji anateleza na kutamka jina la sabuni ya kunyolea ndevu inayoanza kwa sauti ile ile. Mwimbaji hajatukana. Aliyetukana ni msikilizaji, kimoyomoyo, kwa sababu kina kilichokosekana amekijaza yeye. Ni mbinu ya fumbo, na inahitaji hadhira inayoijua lugha hata ndani ya mianya yake. Anayeudharau wimbo huo kwa kuwa ni wa kipuuzi ameshindwa kuona kwamba kanuni za urari wa vina zimetumiwa ndani yake kwa ustadi ambao tungo nyingi zenye uzito hazina.

Hadhira Iliyogeuka Watunzi

Muundo wa kipindi ulizidisha ushirikiano huu. Wasikilizaji waliomba nyimbo kwa simu na kwa barua, na maombi yao yalizaa orodha ya nyimbo tano bora za wiki, iliyofikia kilele kwa orodha ndefu zaidi ya mwisho wa mwaka. Wimbo ulioombwa kuliko wote katika historia ya kipindi ni "Fish Heads" wa 1978, kazi ya wawili waliojiita Barnes & Barnes. Unasifu vichwa vya samaki kwa lahani ya kitoto inayokwama akilini. Hakuna kampuni kubwa ya muziki iliyokuwa imeuandalia soko wimbo huo. Wasikilizaji ndio walioupa hadhi yake, wiki baada ya wiki, kwa kuuomba.

Muhimu zaidi, mlango wa kipindi ulikuwa wazi kwa kanda za watu wasio na jina. Alfred Yankovic alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari huko Lynwood, California, wimbo wake ulipopigwa kwa mara ya kwanza katika kipindi mwaka wa 1976. Alikuwa na akodiani, chombo ambacho vijana wa roki walikiona cha wazee. Mwaka wa 1979, akiwa chuoni, aliurekodi "My Bologna" katika choo chenye mwangwi mzuri, akiiga wimbo wa bendi ya The Knack uliokuwa ukivuma wakati huo. Kanda ilikwenda moja kwa moja kwa Hansen.

Mnamo tarehe 14 Septemba 1980 Yankovic aliimba "Another One Rides the Bus" moja kwa moja hewani, mwenzake akipigapiga sanduku la akodiani badala ya ngoma. Wimbo ulioigwa, wa bendi ya Queen, ulikuwa umetolewa kama santuri ya pekee mwezi uliotangulia tu, na ulikuwa bado unapanda. Hapa masharti ya utani yanaonekana yakiwa kamili. Wimbo wa wakubwa unasikika kila mahali, kwa hiyo kila mtu ana nusu ya kichekesho tayari. Mtunzi mdogo analeta nusu ya pili: badala ya majigambo ya kiume, abiria aliyebanwa ndani ya basi. Kisha wasikilizaji wanazisikia nusu hizo mbili zikikutana katika dakika moja, wakijua kwamba maelfu ya wenzao wanazisikia vile vile. Mwangwi wa Bergson umepata chombo.

Suala la ruhusa nalo lilipata sura yake katika kazi ya Yankovic. Mwaka wa 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyohusu kundi la 2 Live Crew na wimbo wa Roy Orbison, iliamua kwamba mwigo wa mzaha, hata ukiuzwa, waweza kuhesabiwa kuwa matumizi halali ya kazi ya mwingine. Mwandishi wa mwigo, kwa kadiri hiyo, hana haja ya kuomba. Lakini Yankovic ameendelea kuomba. Michael Jackson alikubali "Beat It" igeuzwe "Eat It" mwaka wa 1984. Mwaka wa 1996 palitokea ugomvi Coolio aliposema kwamba hakuwa ameridhia mwigo wa wimbo wake, ilhali Yankovic aliamini kwamba ruhusa ilikuwa imetolewa kupitia kampuni. Baadaye Coolio mwenyewe alikiri kwamba alikosea kukasirika. Tofauti baina ya sheria na desturi hapa ni ya msingi. Sheria ya hakimiliki inauliza kama mwigaji ana haki. Desturi ya utani inauliza kama aliyeigwa bado ni mtani. Mtunzi aliyelelewa na kipindi hiki alijiwekea kipimo cha pili, kilicho kigumu zaidi.

Mipaka Iliyovukwa

Haitakuwa haki kukisifu kipindi bila kukipima kwa mizani ile ile. Utani wa kweli huwa na pande mbili zenye uwezo wa kujibu. Palipo na upande usioweza kujibu, hapana utani bali kuna dhihaka.

Mfano wa wazi ni "They're Coming to Take Me Away, Ha-Haaa!" wa Napoleon XIV, jina la usanii la Jerry Samuels. Wimbo huo wa 1966 ulifika nafasi ya tatu katika orodha ya nyimbo zilizovuma Marekani, kisha ukaporomoka kwa haraka baada ya vituo kadhaa kuacha kuupiga kwa sababu ya malalamiko kwamba unawakejeli wagonjwa wa akili. Msimulizi wake anapelekwa hospitali ya wagonjwa hao huku sauti yake ikipanda na ngoma ikimfuata. Ubeti wa mwisho unadokeza kwamba aliyemkimbia msimulizi, akamtia wazimu, si mpenzi bali ni mbwa. Dokezo hilo hupunguza makali, lakini halibadilishi mahali anaposimama msikilizaji: yuko nje ya dirisha, akimtazama mgonjwa aliye ndani.

Kipindi kiliuhifadhi wimbo huo na kuupiga kwa miaka mingi, na jina la kipindi chenyewe limejengwa juu ya taswira ile ile ya wazimu. Anayekitetea anaweza kusema kwamba Hansen alijiita yeye kwanza mgonjwa, na kwamba wasikilizaji wake walijihesabu kuwa wagonjwa pamoja naye, kwa hiyo aliyechekwa ndiye aliyecheka. Utetezi huo una uzito kwa wale waliokuwa ndani ya baraza. Wengi wao walikuwa vijana walioonekana wa ajabu shuleni mwao na ambao walipata hapo jina la kujivunia. Hauna uzito kwa mgonjwa halisi, ambaye hakupewa kipaza sauti. Ukiwekwa kando ya "Der Fuehrer's Face", tofauti ni dhahiri. Spike Jones alimkejeli mtu mwenye majeshi. Napoleon XIV alimkejeli asiye na chochote. Mhakiki anayetaka wimbo wa mzaha uchukuliwe kuwa sanaa hana budi kukubali kwamba, kama sanaa yoyote, utawajibishwa kimaadili.

Kuanguka: Mpangilio wa Matukio

Maelezo mawili hutolewa kwa wepesi kuhusu kuanguka kwa kipindi. Ya kwanza ni kwamba watu walichoka na nyimbo za kipuuzi. Ya pili ni kwamba intaneti ilikiua. Yote mawili hayastahimili mpangilio wa matukio.

Kuhusu la kwanza, ushahidi wenye nguvu ni wa 2014. Mwaka huo albamu ya Yankovic, Mandatory Fun, ilianza moja kwa moja katika nafasi ya kwanza ya orodha ya albamu za Marekani. Albamu ya vichekesho haikuwa imefika nafasi hiyo tangu My Son, the Nut ya Allan Sherman mwaka wa 1963. Miaka minne baada ya kipindi kuondoka hewani, mwanafunzi wake mashuhuri alikuwa juu kuliko wakati wowote wa enzi ya kipindi. Hamu ya kucheka ilikuwa pale pale.

Kuhusu la pili, dalili za kudhoofika zinatangulia matumizi ya intaneti majumbani. Mnamo Februari 1987 KMET, kituo kilichokilea kipindi Los Angeles, kilifungwa jina lake na kugeuzwa kituo cha muziki laini wa kutuliza. Tukio hilo lilikuwa sehemu ya mwelekeo mpana. Vituo vilizidi kuchagua mtindo mmoja wa muziki kwa kundi moja la umri, ili mtangazaji wa biashara ajue kwa hakika anamuuzia nani. Katika utaratibu huo, kipindi kinachochanganya santuri ya 1942, wimbo wa mwanahisabati, kanda ya mwanafunzi na sifa za vichwa vya samaki hakina mahali. Hakikuwa kibaya, hakikupangika.

Sheria ya mawasiliano ya 1996 ilikamilisha kazi hiyo. Kabla yake kampuni moja haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya vituo 40 vya redio katika nchi nzima. Sheria iliondoa kikomo hicho, na katika miaka michache kampuni ya Clear Channel ilikuwa na vituo zaidi ya 1,000. Mkurugenzi wa kituo kimoja, ambaye zamani angeweza kuamua kwa mapenzi yake kwamba Jumapili usiku ni wakati wa mzaha, sasa alipokea ratiba iliyopangwa mbali na mji wake. Kipindi cha Hansen kilitegemea maamuzi mengi madogo ya watu wa namna hiyo. Kadiri walivyopungua, ndivyo vituo vilivyopungua.

Hansen aliingizwa katika jumba la heshima la kitaifa la redio mwaka wa 2009. Mwaka uliofuata, Juni 2010, alitangaza kwamba kipindi kinaondoka katika redio ya kawaida na kuendelea kwa njia ya intaneti, kwa wasikilizaji wanaolipa ada. Kwa hiyo intaneti iliingia mwishoni. Kwa kipindi hiki ilikuwa kimbilio kabla ya kuwa sababu. Hansen aliendelea kwa miaka 15 zaidi, na mwaka wa 2025, miaka 55 baada ya kuanza huko Pasadena, alitangaza kustaafu.

Kilichopotea

Ikiwa kicheko kiliendelea, na ikiwa kila santuri iliyowahi kupigwa na Hansen inaweza leo kutafutwa na kupatikana, mtu anaweza kuuliza ni hasara gani iliyotokea. Swali ni la haki, na jibu lake liko katika masharti matatu ya utani yaliyotajwa hapo mwanzo.

Ujuzi wa pamoja ndio uliopungua kwanza. Mwigo wa 1980 ulimkuta msikilizaji akiwa ameusikia wimbo asilia bila hata kutaka. Muziki ulipogawanyika katika vijito vya umri na mtindo, idadi ya nyimbo ambazo kila mtu anazijua ilishuka. Mwigaji hulazimika kuchagua kati ya nyimbo chache kubwa mno au kuwaimbia wachache wanaojua.

Baada ya hapo mshenga aliondoka. Hansen alisimama kati ya mtunzi na hadhira, akichagua, akieleza na kupanga. Mitambo ya intaneti nayo huchagua, lakini haitoi maelezo. Humpa msikilizaji kinachofanana na alichokwisha kukipenda. Hansen alimpa kilichotangulia alichokipenda, yaani asili yake. Bila maelezo hayo kila wimbo wa mzaha unarudi kuwa kitu kipya kisicho na nasaba, na hukumu ya zamani, kwamba ni kitu cha kutupwa, inapata nguvu tena.

Hasara ya tatu inamhusu msikilizaji asiyekusudia. Redio ya masafa ya wazi humkuta dereva anayezungusha kitafuta-stesheni, au mtoto anayepaswa kuwa amelala. Hakukitafuta kipindi, kipindi kimemkuta. Anayelipa ada amekwisha kuwa mtani. Baraza linalopokea watani peke yao hubaki na uchangamfu wake kwa muda, lakini halizai kizazi kipya, kwa sababu halina tena mgeni anayepita njiani, akasikia kicheko na kusimama kuuliza kinachochekwa. Katika historia ya kipindi hiki, wageni wa namna hiyo ndio waliorudi wakiwa na kanda mkononi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kuinuka kwa The Dr. Demento Show hakukutokana na wingi wa nyimbo za kipuuzi, wala kuanguka kwake hakukutokana na upungufu wa wanaozipenda. Kipindi kilikuwa taasisi ya fasihi simulizi katika chombo cha kisasa: kilikuwa na fanani, hadhira inayotunga, hazina ya kurejelewa, na desturi iliyotenganisha utani na tusi, ijapokuwa mpaka huo haukulindwa kila mara. Taasisi hiyo ilibomolewa na mabadiliko ya umiliki na upangaji wa vituo kabla mitambo mipya haijafika.

Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, mfano huu una funzo la kimbinu. Ni rahisi kukusanya matini za mzaha na kuzihifadhi, na teknolojia ya leo imerahisisha zaidi. Lakini mkusanyiko wa matini pekee hauonyeshi ni nani aliyeruhusiwa kumtania nani, mbele ya nani na kwa masharti gani. Anayerekodi wimbo wa mzaha bila kurekodi uhusiano uliouzaa atabaki na maneno tu. Siku moja maneno hayo yatasomwa na watu wasio watani, nao watayaona kuwa ni matusi au ni upuuzi.